Ruka Ukurasa Huo

Kila jioni, baada ya chakula kuliwa na vyombo kuoshwa, meza ya nyumba yao pale Kibokoni ilikuwa ya Mercy. Hapo ndipo alipofanyia hesabu na insha za darasa la sita. Wiki ile, hata hivyo, meza ilitekwa na kaka yake. Kahindi aliitandaza ramani kubwa ya bahari, akazibana pembe zake kwa vikombe isije ikajikunja, kisha akaweka kando vitabu viwili vya mwongozo wa wazamiaji.

Kahindi alifanya kazi katika kampuni ndogo yenye ghala Ganjoni, iliyowapeleka watalii chini ya bahari wakiwa wamebeba mitungi ya hewa mgongoni. Siku zote yeye alifuata nyuma na wengine wakaongoza. Sasa mkuu wake, Bwana Ngowa, alikuwa amemwachia apange mwenyewe safari ya kisiwa cha Kisite na awaongoze wageni wanne. Walitarajiwa kuondoka Jumamosi asubuhi.

Mercy alikuwa akisoma vitabu kwa sauti, naye Kahindi akitia alama kwa penseli: hapa boti itatia nanga, hapa watashuka, hapa wasipite. Karibu na kisiwa, ramani ilikuwa na rangi ya samawati hafifu. Mbele kidogo kulikuwa na mstari, na ng'ambo ya mstari rangi ilikoza.

"Hapa pana nini?" Mercy aliuliza.

"Hapo sakafu ya bahari inaporomoka ghafla kwenda kina kirefu. Mkondo ukikuchukua ukavuka mstari huo, kukupata tena ni bahati." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni. Mercy aliuondoa mkono wake pale kwenye ramani.

Siku moja kabla ya safari, Kahindi aliamka akipiga chafya. Jioni alipokaa mezani, sauti yake ilikuwa imekwama puani, na kila mara aliliziba sikio la kulia kwa kiganja na kukunja uso. Mercy akafungua kitabu, akasoma kwamba mtu mwenye mafua au maumivu ya sikio asizame kabisa, hata akijihisi ana nguvu.

"Ruka ukurasa huo," Kahindi alisema.

"Lakini kaka, wewe..."

"Nimekwambia uruke." Alitoa vidonge mfukoni, akameza viwili. "Hivi vinafungua pua. Kesho nitakuwa mzima."

Macho ya Mercy yalikuwa yameshafika mistari ya chini. "Wanasema dawa kama hiyo inaweza kuisha nguvu mtu akiwa bado chini ya maji."

Kahindi alikifunga kitabu taratibu. "Ukimwambia mama au Bwana Ngowa, watampa mtu mwingine nafasi yangu. Nimeingoja sana nafasi hii, Mercy. Nifichie tu."

Mercy aliitikia kwa kichwa, maana alimpenda kaka yake.

Asubuhi Kahindi aliondoka bila kugusa chai. Mama alikitazama kikombe kilichojaa. "Kaka yako ni mzima?"

"Mzima, mama," Mercy akajibu. Neno lilipomtoka, akilini alimwona Kahindi ng'ambo ya ule mstari wa ramani, kwenye rangi iliyokoza, peke yake. Akakiweka chini kitambaa cha vyombo. "Mama, si mzima. Alinikataza nisiseme."

Alieleza yote. Mama hakumgombeza. Alijitanda leso yake, akasema, "Vaa viatu."

Walipofika Ganjoni wakitweta, mitungi ilikuwa imeshapakiwa na wageni wamekaa garini, tayari kupelekwa kwenye boti. Bwana Ngowa, mtu wa maneno machache, alimsikiliza Mercy mpaka mwisho.

"Ni mafua kidogo tu, bwana mkubwa," Kahindi alisema akitabasamu.

"Bana pua, usukume hewa masikioni, polepole."

Kahindi akafanya hivyo. Sikio la kushoto lilifunguka. La kulia likakataa, na machozi yakamlenga. Bwana Ngowa aliichukua ramani mkononi mwake. "Wageni nitawaongoza mimi. Wewe nenda kwa daktari."

Kahindi alimpita dada yake kana kwamba anapita nguzo. Kwa daktari hakwenda. Alirudi nyumbani akajilaza kwenye kochi. "Umefurahi sasa," alimwambia Mercy, akageukia ukutani.

Adhuhuri, Mercy na mama wakiwa jikoni, kishindo kilisikika. Kahindi alikuwa sakafuni. Usaha uliochanganyika na damu ulimtoka sikioni, na macho yake yalikuwa yakicheza huku na huku. Aliukumbatia mguu wa meza kwa mikono miwili.

"Nishikeni," alinong'ona. "Nyumba inazunguka. Juu ni wapi?"

Mercy alikishika kichwa cha kaka yake mapajani huku mama akikimbia kumwita jirani yao Chirau, aliyekuwa na gari. Hospitalini daktari aliwaambia kwamba ngoma ya sikio imetoboka. Ingepona, lakini kwa muda mrefu Kahindi asiingize maji sikioni.

Jioni, walipokuwa wamesharudi nyumbani, Bwana Ngowa alikuja moja kwa moja kutoka baharini, chumvi ingali imemganda nyweleni. Wageni walikuwa salama. Alipoelezwa yaliyotokea adhuhuri, alivuta kiti akaketi karibu na Kahindi.

"Wakati huo tulikuwa chini," alisema. "Kule, mtu asiyejua juu ni wapi hajui pa kutokea. Na wale wanne wangekufuata wewe, Kahindi, maana wewe ndiwe kiongozi."

Kahindi aliinamisha kichwa. Akaunyosha mkono, akaushika wa dada yake. "Nilikukasirikia," alimwambia. "Nisamehe."

"Mercy," Bwana Ngowa akasema, "mtu akikuomba ufiche ugonjwa wake, anakuomba umsaidie kuumia. Mkatalie, hata kama ni umpendaye, na hata akikununia. Nawe Kahindi, safari zipo, nitakupa nyingine. Mwili ukikwambia unaumwa, usikilize mapema, kabla haujakulazimisha."

Mama alimkaribisha chakula. Usiku ule wote wanne walikula pamoja, na Mercy ndiye aliyemshika kaka yake mkono alipokuwa akienda kitandani, kwa sababu bado sakafu ilikuwa ikimyumbia.