Giza la Koridoni

Kaka yangu Jairus alikuwa akichora ramani za nyumba katika chumba kimoja juu ya duka la simenti, mjini Kakamega. Mimi nilimpigia chapa barua zake. Mwaka wa 1997 alinunua kompyuta iliyoweza kutengeneza picha ya nyumba ambayo bado haijajengwa. Watu walipanda ngazi kuja kuishangaa tu.

Mteja wa kwanza wa picha hizo alikuwa Mama Pascalia, mjane kutoka kijiji cha Mautuma. Alitaka nyumba ya mawe kando ya shamba la mahindi, mahali alipomwonyesha Jairus. Jairus akapima kwa kamba, akarudi, akaingiza kila kitu katika mashine: kuta, milango, madirisha, jua la saa nne asubuhi. Kisha akaiacha ipike picha kutwa nzima.

Ilitoka mbaya. Nje kulikuwa kweupe kabisa kwa jua. Ndani kulikuwa kweusi kama masizi. Jairus alinieleza kwamba jicho la mtu huona ua na sebule kwa pamoja, lakini kioo cha kompyuta hakitoshi kubeba mwanga wote huo. Ni lazima ukali wa jua ubanwe na giza liinuliwe, pole pole, mpaka vyote vionekane.

Akaanza kuliinua. Sebule ikajitokeza. Kisha jikoni. Kisha korido.

Koridoni kulikuwa na mtu.

Mwanamke. Ametupa mgongo.

"Umemweka wewe?" niliuliza.

Jairus alifungua orodha ya vitu vyote alivyoingiza. Kuta. Milango. Madirisha. Mtu hakuwemo. Akaipika picha upya, na kesho yake tukainua giza tena. Alikuwepo. Safari hii tuliona shavu lake.

"Ni mashine," Jairus alisema, lakini sauti haikuwa yake. "Mama anakuja saa sita. Tuichape hivyo hivyo."

Kwenye kioo gauni la yule mwanamke lilikuwa la kahawia. Lakini kioo chetu kilikuwa cha mitumba, kilitia kila kitu wekundu, ndiyo maana Jairus alikuwa amelinganisha wino wa printa na kadi ya rangi za kupaka nyumba kutoka duka la chini mpaka karatasi ikasema kweli. Karatasi ilipotoka, gauni lilikuwa la kijani. Ukosi wa njano.

Mama Pascalia aliipokea akitabasamu. Alisifu paa. Kidole chake kikapita sebuleni, kikafika koridoni, kikasimama.

"Hii nguo," alinong'ona. "Nani alikuambia hii nguo?"

"Mama, huyu ni nani?" Jairus aliuliza.

"Nanjala. Mke mkubwa. Hiyo ndiyo nguo tulimzika nayo."

"Mlimzika wapi?"

Aliangalia mlango kwanza.

"Hapo hapo ulipima. Mzee alipokufa, watoto wa Nanjala walisema shamba ni lao, kaburi la mama yao liko pale. Nikang'oa msalaba. Nikalima."

Jairus alifuta jasho. "Basi tusogeze nyumba, Mama."

"Hapana." Akamshika mkono. "Weka giza, mtoto yangu. Vile ilikuwa mwanzo."

Nilimwomba kaka yangu kwa macho akatae. Hakukataa. Alirudi kwenye mashine, akaanza kulishusha giza. Jikoni kukafifia. Korido ikaanza kuzama gizani. Mwishoni kabisa niliuona uso. Ulikuwa umegeuka. Ulikuwa ukimtazama Jairus.

Aliiuza kompyuta kabla ya mwezi kwisha, akaenda kulima miwa Mayoni. Hajachora tena. Nyumba ilijengwa, na watoto wa Nanjala hawakupata hata kipande cha shamba. Mama Pascalia alilala ndani siku tisa, kisha akahamia jiko la nje. Yuko huko mpaka leo.

Pasaka iliyopita nilipita kumsalimu. Alinifungulia nyumba, yeye akabaki uani. Kwenye ukuta wa korido, pale Nanjala aliposimama pichani, kuna sehemu ya plasta isiyokauka. Mafundi wameibomoa na kuipaka upya mara tatu. Niliweka kiganja.

Ilikuwa na joto.