Gramu Mia Tisa na Themanini

Kompyuta ile haikuwa na feni. Aliyeiuza alilirudia jambo hilo mara tatu, kwamba ndani yake hakuna kinachozunguka, kwa hiyo haitoi sauti hata uifanyishe kazi kutwa. Ndiyo maana Mama Mizani, mchana wa jua kali, akiwa kwenye chumba cha nyumba ya wageni na miguu kaitundika juu ya kiti, aliinua vidole kutoka kwenye vibonye na kutega sikio. Kuna kitu kilikuwa kinapumua. Kilivuta, kikatulia kidogo, kikashusha. Alifunga dirisha, akazima na feni ya darini. Pumzi iliendelea, na pale viganja vyake vilipoegemea mashine alihisi joto linakuja na kuondoka.

"Umeichosha," mumewe alimtania kwenye simu. "Hata mimi ungenizungusha hivyo ningehema."

Alicheka, akaifunga, akaipakia begini. Kulikuwa na harufu ya manukato matamu yaliyochacha, lakini vyumba vya wageni vina harufu zake, naye alikuwa na haraka.

Mama Mizani ni jina alilopewa na wauguzi. Aliuza mizani za kupimia watoto, na kila mwezi alirudi kliniki moja hadi nyingine kuzikagua. Ukaguzi huo ulihitaji mawe ya mizani, yaani vipande vya shaba vyenye uzito unaojulikana, vilivyopangwa kwenye sanduku la mbao. Sanduku zima lilikuwa kilo kumi na mbili. Kwa miaka tisa alilibeba kwenye mabasi, kwenye ngazi, kwenye mvua, mpaka bega lake la kulia likashuka kuliko la kushoto, na mumewe, ambaye ni fundi cherehani, akawa anamshonea mabegani kwa vipimo viwili tofauti.

Kisha akapata kompyuta mpakato hii, imetumika kidogo, nyembamba kama sahani, gramu mia tisa na themanini kamili. Kabla ya kununua alisoma maoni ya wamiliki kwenye mtandao. Wote walikuwa watu wa safari na biashara kama yeye, na wote walisifia jambo lilelile. Nyepesi mpaka unasahau umeibeba. Bega langu halijui kama lina mzigo. Naye baada ya wiki mbili aliongeza lake: "Nyota tano. Nyepesi ajabu."

Hapo ndipo lilipomjia wazo ambalo lisingemjia muuza nyanya wala mwalimu. Uzito wa mashine hii anaujua hadi gramu ya mwisho. Sasa mawe ya nini? Sanduku likabaki nyumbani chini ya meza ya cherehani, na yeye akawa anaingia kliniki mikono mitupu, anaweka kompyuta juu ya mizani, anasoma tarakimu. Wauguzi walishangaa, naye alipenda kustaajabiwa.

Siku moja walikwenda kumsalimia mama mkwe. Kituoni alikuwa na begi la kompyuta begani na binti yao wa mwaka mmoja na nusu mkononi, na mkono ulikuwa umekufa ganzi tangu asubuhi. Abiria mmoja akamwambia, "Dada, nikusaidie mtoto."

"Mwepesi tu huyu, usijali," alijibu akicheka, kama tunavyojibu sote.

Mwezi uliofuata, kliniki ya kwanza, mizani ilisoma gramu mia tisa na arobaini.

"Matumizi ya kila siku yameichezesha," alimwambia muuguzi, akazungusha skrubu mpaka tarakimu zikarudi mia tisa na themanini. Kliniki ya pili ilikuwa hivyohivyo. Ya tatu ilisoma chini zaidi. Kila alikokwenda mizani ilikuwa imepotoka upande uleule, na kila alikokwenda aliirekebisha. Kwamba mizani kumi na moja zinaweza kuharibika kwa namna moja halikumpa shida, maana kwenye kazi yake kuna jambo moja hulibishi: mizani hudanganya, chuma hakikondi. Hata ile ya maonyesho, aliyoitembeza kwenye gari, aliirekebisha mara nne.

Nyumbani mumewe alikuwa na neno.

"Suruali hii ya mtoto nimeibana kiuno mara tatu."

"Wewe ndiye uliyeikata kubwa."

"Mke wangu, nimekata suruali miaka kumi na tano. Utepe wangu haujanidanganya."

"Na mizani yangu je?" Aliileta ile ya maonyesho, akamkalisha mtoto. Kilo kumi na nusu, vilevile kama miezi miwili iliyopita. "Umeona? Anarefuka tu, ndiyo maana."

Mume alizitazama tarakimu, akamtazama mtoto, akauzungusha utepe shingoni mwake mwenyewe. Walioana wapimaji wawili, na siku hiyo aliyepima kwa uzito alimshinda aliyepima kwa urefu.

Jumamosi, saa nne asubuhi, mume alikuwa anakata nguo kwenye chumba cha kazi, mtoto anacheza na vipande vya vitambaa sakafuni. Joto lilikuwa limepanda, akawasha feni ya mezani. Mama Mizani alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, na begi la kompyuta lilikuwa begani ingawa hakukumbuka kulichukua. Kwanza viliruka vipande vya vitambaa, hilo la kawaida, kisha mtoto aliyekuwa amesimama katikati ya chumba akaanza kurudi nyuma, wima, bila kuinua mguu, nyayo zake zikiteleza juu ya saruji bila kutoa hata mkwaruzo, uso umetulia, mdomo unatabasamu kama anayebembezwa, akapita kiti, akapita kapu la vifungo, mpaka alipofika ukutani na pazia likamfunika, na nyuma ya pazia ikasikika ile pumzi ikivuta, ikitulia, ikishusha, nayo haikuwa ya mtoto kwa sababu ilikuwa inatoka begini.

Kikombe kilimponyoka. Mume alizima feni, akamdaka binti yake.

"Umeona?" alinong'ona.

"Nimeona. Mshike vizuri."

"Nimemshika," mume alisema. "Sijui kama nimemshika."

Mama Mizani aliinama akaburuta sanduku kutoka chini ya meza. Alifungua kifuniko. Alitoa jiwe la kilo tano, akaliweka juu ya mizani ya maonyesho.

Mizani ikasoma kumi na tano.

Akalitoa, akalirudisha. Kumi na tano. Akaketi sakafuni penye chai iliyomwagika, akapiga hesabu iliyokuwa rahisi kuliko alivyotaka iwe. Mizani ilikuwa inazidisha mara tatu. Kilo kumi na nusu za binti yake zilikuwa kilo tatu na nusu, uzito wa mtoto aliyezaliwa jana. Na yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mwezi baada ya mwezi, ndiye aliyezungusha skrubu ili isionekane.

"Kliniki kumi na moja," alisema taratibu. "Kote huko watoto wanapimwa hivi."

Aliifungua kompyuta kwa sababu hakujua pengine pa kutafuta, akayarudia maoni ya wamiliki. Safari hii aliteremka mpaka chini kabisa, ambako wanunuzi hawafiki. Watu walewale walikuwa wamerudi. "Naongezea niliyoandika miezi mitano iliyopita. Imezidi kuwa nyepesi. Kuna mwingine amepatwa na hili?" Chini yake, mwingine: "Mke wangu hakai kitandani, shuka ndiyo inayomshikilia." Na la mwisho: "Nimeiuza, Mungu anisamehe. Ina mkwaruzo kwenye kona ya kushoto. Ukiipata usiisifie."

Hakuhitaji kutazama kona ya kushoto, lakini alitazama. Mkwaruzo ulikuwepo, na kutoka kwenye vibonye harufu ya manukato yaliyochacha ilipanda mpaka wote watatu wakaziba pua.

Shangazi yake Mama Mizani, waliyempigia simu, alifika kabla ya adhuhuri. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye maneno machache, na watu walimwita kwa mambo ambayo hospitali haina dawati lake. Alimbeba mtoto, akamrusharusha kidogo, uso ukambadilika.

"Nimeshawatoa kwenye makabati na kwenye matangi ya maji," alisema. "Kwenye kompyuta bado. Ila huyu namjua. Ni jini msafiri. Hana miguu, anataka kubebwa, na nauli yake ni uzito. Anakula mzigo wowote ambao mtu anausifia wepesi. Huyu mtoto nani alimsifia?"

Mama Mizani alikumbuka kituo, begi, mkono uliokufa ganzi. Akainamisha kichwa.

"Mimi, Shangazi. Nilikuwa najibu tu kwa adabu."

"Yeye hajui adabu. Yeye anajua umesema."

Stoo kulikuwa na mizani ya zamani ya sahani mbili, pambo alilopewa kazini. Shangazi aliamuru iletwe na kufutwa vumbi. Sahani moja waliweka mawe ya gramu mia tisa na themanini, nyingine wakaweka kompyuta, na kompyuta ikapaa juu kama ganda la yai. Mume aliketi kwenye kiti, mtoto mapajani, mikono yote miwili imemzunguka.

"Mwambie ukweli," Shangazi alinong'ona. "Mdai."

"Uzito wako ni gramu mia tisa na themanini. Rudisha."

Pumzi ilisimama. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi, haikuwa imewashwa, lakini kutoka ndani yake ilitoka sauti ya mwanamke mchangamfu, sauti ya mtu wa mauzo, na Mama Mizani nywele zilimsimama kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe, ikisema nyepesi ajabu, ikisema mwepesi tu huyu, usijali, mwepesi tu huyu, ikilirudia kwa kicheko kilekile alichocheka kituoni, upole uleule, huku mapajani mwa mume mtoto akiinuka taratibu mpaka kati ya gauni lake na suruali ya baba yake ukapita mwanga wa dirisha.

"Shangazi, anaondoka," mume alisema, machozi yakimtiririka. "Fanyeni kitu."

"Ulimpa kwa maneno," Shangazi alimwambia mpwa wake. "Mnyang'anye kwa maneno. Lakini yawe ya kweli."

Mama Mizani alifumba macho. Kwa miaka yote alikuwa amesema hapana, si kitu, nimezoea, na sasa ukweli ulimtoka kama mtu anayetapika.

"Nilidanganya. Mtoto wangu ni mzito. Siku ile mkono ulikufa ganzi nikaona haya kusema. Sanduku ni zito, limeniharibu bega. Kumwacha kila Jumatatu akilia kunanilemea, nalia kwenye basi mpaka kituo cha tatu. Hakuna chepesi nilichowahi kubeba. Hata kimoja."

Sahani ya kompyuta ikashuka kwa kishindo. Kiti cha mume kikalia, akaguna, na mtoto akaanza kulia kilio kikubwa cha njaa. Walimpima kwa mawe ya kweli. Kilo kumi na gramu mia nne na tisini. Mama yake alimpakata mpaka miguu ikamfa ganzi, na hakumpa mtu.

Kompyuta Shangazi aliivunja kwa nyundo, akaizika mwenyewe. Kabla ya kuondoka alimshika mpwa wake kidevu.

"Nimeivunja nyumba. Mwenye nyumba sijui yuko wapi. Kuanzia leo, chochote ulichobeba, usikiite chepesi. Umenisikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Jumatatu alianza safari ya kwenda kusahihisha mizani zote kumi na moja, na sanduku la mawe begani. Lilimuuma, naye aliyafurahia maumivu hayo. Kliniki ya kwanza ilikuwa ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Foleni ya akina mama ilianzia chini kwenye ngazi, kila mmoja na mtoto wake. Alipita katikati yao akiomba samahani, jasho likimtoka, akiwaza maneno ya kumwambia muuguzi mkuu kwamba tarakimu za miezi mitano zote ni za uongo na kosa ni lake.

Kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza mama mmoja kijana, mtoto wake mgongoni, alinyoosha mkono kwa huruma.

"Dada, sanduku hilo zito. Nikushikie upande mmoja?"

"Jepesi tu, usijali," alisema, akampa tabasamu, akaendelea kupanda, akili yote iko kwa muuguzi mkuu.

Alifika ghorofa ya nne, akabisha mlango. Muuguzi alimfungulia, akamkaribisha, akamwambia mezani yuko mtoto mmoja anasubiri kupimwa.

"Umepanda na hilo sanduku mwenyewe?" muuguzi alishangaa. "Hata huhemi."

Mama Mizani alisimama hapo kizingitini. Kweli, hakuwa anahema. Bega la kulia lilikuwa sawa na la kushoto. Ila karibu kabisa na sikio lake, ndani ya sanduku lililobeba mawe pekee ya kweli aliyokuwa nayo, kuna kitu kilivuta pumzi, kikatulia kidogo, kikashusha.