Alama ya Tahani Mchangani

Kila Jumamosi, jua likiwa bado halijapata nguvu, Basma huamshwa na harufu ya chai ya maziwa na sauti ya bibi yake akizungumza na masufuria. Bibi Turkiya ana tabia hiyo. Sufuria hili hulikaripia kwa kuchelewa kuchemka, lile hulisifu kama mtoto aliyefaulu mtihani. Alizaliwa Unguja, akaletwa Oman angali msichana, na ingawa ameishi Ibra karibu maisha yake yote, Kiswahili chake hakijabadilika hata chembe.

"Shikamoo, bibi," alisema Basma asubuhi moja, huku akifunga kamba za viatu.

"Marahaba, mwanangu. Leo tena mnakwenda kulifukuza yai jangwani?"

"Si yai, bibi, ni mpira wa gofu. Na leo ndiyo siku yenyewe."

"Na huo mswala ulioutia kwapani?"

Basma alicheka. Bibi alijua vizuri sana kwamba kile kilikuwa kipande cha zulia la majani ya bandia, lakini mzaha wake huo alikuwa hachoki nao. Akambusu mjukuu wake kwenye paji la uso, akamwombea dua, akamtoa mpaka mlangoni.

Uwanja wa gofu ulioko nje ya mji hauna jani hata moja. Ni uwanda wa mchanga na changarawe chini ya milima ya kahawia, na njia za kuchezea zimepangiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Kwa kuwa hakuna nyasi, kila mchezaji hubeba kipande chake cha zulia, akauweka mpira juu yake, ndipo akaupiga. Pale penye shimo mchanga huchanganywa na mafuta ili ushikane, upepo usiupeperushe. Mahali hapo wachezaji hupaita brauni. Ukitembea juu ya brauni unaacha nyayo, na nyayo huupotosha mpira. Kwa hiyo adabu ya uwanja ni kwamba aliyetangulia kumaliza huchukua ubao mrefu wenye mpini, akamburuzia mwenzake mchanga mpaka unyooke kama shuka iliyopigwa pasi.

Mwalimu wao alikuwa Ustadh Humoud, aliyejifunza mchezo huo alipokuwa akifanya kazi kwenye visima vya mafuta. Hapo zamani walicheza wanaume wachache tu, na wenye magari waliokuwa wakipita walisimama kuwashangaa. Siku hizi kuna kilabu ya watoto, na wengine huletwa na wazee wao kutoka Sur na hata Nizwa. Wasichana ni wengi kuliko wavulana, jambo ambalo Ustadh hulitaja kila anapopata wa kumsikiliza.

Jumamosi ile ilikuwa ya kutafuta mtoto wa mwisho katika timu itakayokwenda Maskati, kucheza kwenye uwanja wa majani mabichi. Nafasi ilikuwa moja tu. Waliobaki kuigombea walikuwa Basma na Tahani, ambao ni marafiki tangu darasa la kwanza. Wakilingana, atakwenda Tahani, kwa sababu ndiye aliyeshinda mchezo wa mwezi uliopita. Basma alikuwa hajapata kukanyaga uwanja wa majani. Aliwahi kumwuliza Ustadh kama majani yale yanateleza, kama yana baridi, na kama mtu anaruhusiwa kuvua viatu.

Walicheza vizuri wote wawili, wakitaniana njia nzima. Katika gofu hakuna refa anayekimbia nyuma yako. Mchezaji hujisimamia mwenyewe. Ustadh alikuwa mbali, akiwafundisha wadogo namna ya kushika fimbo.

Walipofika shimo la mwisho, Basma alitangulia kumaliza. Mpira wa Tahani ulikuwa umesimama karibu na shimo. Tahani alikuwa ameuokota ili usimzuie mwenzake, na mahali pake akaweka kifungo cheupe cha shati kuwa alama, kama wafanyavyo wachezaji. Akiuingiza kwa pigo moja, watalingana, na safari itakuwa yake. Akikosa, atakwenda Basma.

"Ngoja nifute mpira wangu," alisema Tahani. Akaenda kwenye mkoba wake, akampa Basma mgongo.

Basma akachukua ubao, akaanza kumburuzia mwenzake mchanga, kama ilivyo adabu. Alipofika mwisho akageuka kutazama. Mchanga ulikuwa safi, lakini alama haikuwepo. Kifungo kilikuwa kimekokotwa na ubao mpaka ukingoni mwa brauni.

Alikiokota haraka akarudi nacho. Alikumbuka kilipokuwa: si zaidi ya urefu wa mkono kutoka shimoni. Aliinama ili akiweke hapo hapo. Mkono ukasita. Ukarudi nyuma kidogo, kisha kidogo tena, mwishowe kifungo kikakaa mbali na shimo zaidi ya mara mbili ya mwanzo.

"Mimi sijui hasa kilikuwa wapi," alijiambia. Ulikuwa uongo, na aliujua.

Tahani alirudi, akauweka mpira penye kifungo, akasimama. Aliutazama mpira, akalitazama shimo, akafikicha macho.

"Ajabu, wallahi," alisema. "Nilidhani niko karibu zaidi."

Basma aliitazama milima. Tahani akausukuma mpira taratibu, nao ukapita pembeni mwa shimo.

Kisha Tahani akamkumbatia Basma kwa nguvu. "Mabruk, habibti," alisema. Basma alitamani Tahani angemsukuma tu, maana kumbatio lile lilimchoma.

Nyumbani Bibi Turkiya alifurahi mpaka akasujudu sijda ya shukrani. Basma alisema kichwa kinamuuma, akaenda kulala bila kula.

Kesho yake Jumapili, ambayo Oman ni siku ya masomo, Basma aliporudi kutoka skuli, bibi alimpa sahani ya vitumbua iliyofunikwa kwa kitambaa. "Mpelekee Tahani. Mwenzio kashindwa, asije akaona tumemsahau."

"Bibi, nitakwenda siku nyingine."

"Siku nyingine vitakuwa vimekauka. Yallah, nenda."

Akaenda, miguu mizito. Mlango ulifunguliwa na mama yake Tahani, Bi Rahila.

"Shikamoo, khalti."

"Marahaba, Basma. Ingia, mwanangu. Mwenzio yumo ndani, labda wewe utamtuliza."

Tahani alikuwa amekaa sakafuni mbele ya kalenda ya ukutani. Jicho moja amelifunika kwa kiganja, anasoma tarehe kwa sauti ndogo. Kisha akafunika la pili, akaanza upya.

"Unafanya nini?" aliuliza Basma.

"Napima macho. Kesho mama ananipeleka hospitali." Tahani aliteremsha mkono. Macho yalikuwa mekundu. "Jana niliuona mpira karibu kabisa, Basma. Niliporudi nikaukuta mbali. Macho yangu yana kitu. Bibi yangu alianza hivi hivi mpaka akapofuka. Na gofu naacha, khalas. Mtu asiyejua mpira wake uko wapi atacheza vipi?"

Basma alikuwa amejiandaa kukuta rafiki aliyenuna, hata rafiki mwenye kijicho. Hakujiandaa kumkuta amekaa sakafuni, anaogopa kupofuka.

"Macho yako mazima," alisema.

"Wewe umejuaje?"

"Kwa sababu ulikuwa karibu kweli. Nilipokuwa nikiburuza mchanga, ubao ulikikokota kifungo chako. Nikakirudisha mbali. Nilijua kilipokuwa, Tahani. Nilijua."

Tahani alimtazama kama hamfahamu. Kisha akasimama. "Tangu jana nafunika jicho hili, nafunika hili! Mama kalia kwa ajili yangu!"

"Nisamehe."

"Nenda kwenu, Basma."

Basma aliiweka sahani chini, akatoka. Angeweza kwenda kwao. Badala yake akafuata barabara inayokwenda uwanjani, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola ya sare ya skuli. Alimkuta Ustadh Humoud peke yake, akichanganya mafuta na mchanga kwa koleo. Akamweleza yote bila kujitetea, kisha akasema, "Mimi siendi Maskati. Nafasi ni ya Tahani."

Ustadh aliegemea koleo.

"Kukokota alama ya mwenzako kwa bahati mbaya si kosa hata kidogo," alisema. "Sheria inasema irudishe ilipokuwa, basi. Ungemwita tu, ukamwambia, mngeirudisha pamoja. Ulikuwa unamfanyia wema, binti yangu. Kosa lilianza pale uliponyamaza." Akalishika koleo sawasawa. "Nafasi sitampa mtu bure. Kesho alasiri Tahani atalipiga pigo lake. Na wewe utakuwepo."

Kesho yake alasiri Tahani, aliyeitwa na Ustadh, alikuja na mama yake, akasimama mbali na Basma. Ustadh aliuburuza mchanga mwenyewe, kisha akamgeukia Basma. "Onyesha."

Basma alipiga magoti, akaugusa mchanga kwa ncha ya kidole, urefu wa mkono kutoka shimoni. Tahani akasogea, akatazama kidole, akatazama shimo.

"Ndipo," alisema polepole. "Hapo hapo nilipopaona." Akageuka kwa mama yake, uso umemchangamka. "Mama, ndipo! Naona vizuri!"

Bi Rahila alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Tahani aliuweka mpira, akausukuma, nao ukaingia shimoni bila kusita.

"Mchanga huu haukumbuki kitu," Ustadh aliwaambia wote wawili. "Kila anayepita tunafuta nyayo zake. Ndiyo maana mchezaji wa hapa lazima akumbuke mwenyewe na aseme mwenyewe."

Walipokuwa wakikusanya fimbo, Tahani alimkaribia Basma. "Bado nimekasirika."

"Najua."

"Nitakasirika mpaka Jumamosi. Jumamosi njoo tufanye mazoezi."

Kulikuwa kumebaki jambo moja, na kwa Basma hilo lilikuwa zito kuliko yote. Alimkuta bibi jikoni. Alimsimulia akiwa ameinamisha kichwa, mpaka neno la mwisho.

"Nani alikulazimisha useme?" aliuliza Bibi Turkiya.

"Hapana mtu, bibi."

Bibi alikaa kwenye kiti, akamvuta mjukuu wake mpaka akawa amesimama kati ya magoti yake, kama alivyokuwa akimsuka nywele utotoni.

"Nisikilize, mwanangu. Kukosea, hata mimi nakosea na uzee wangu wote huu. Lakini ukificha kosa lako, kuna mtu atalibeba bila ya kujua. Mwenzio alikuwa anajiona yeye ndiye mbovu, kumbe ni wewe. Hilo ndilo la kuogopa, si kukosa safari. Umefahamu?"

"Nimefahamu, bibi."

"Haya. Nipe simu yangu."

Alimpigia dada yake, Bibi Saliha, anayekaa Sur. Basma alishtuka. "Bibi, usimwambie, tafadhali!"

"Kwa nini nisimwambie?" Bibi alikuwa tayari ameshika simu mbele ya mdomo, akipaza sauti kama wafanyavyo wazee wanaodhani Sur ni mbali kuliko ilivyo. "Ee Saliha! Basma wetu haendi Maskati. Alikosea, kisha akenda akasema kweli kwa miguu yake, nafasi ikachukuliwa na mwenzie. Nimekupigia nawe ufurahi kama nilivyofurahi mimi. Ngoja, huyu hapa, zungumza naye."

Basma aliipokea simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi," alisema.

"Marahaba, mwanangu," sauti ilijibu kutoka Sur. "Njoo nikuone. Siku nyingi nilikuwa nataka mtu wa kujivunia."