Maziwa ya Mama Parmuat

Siku ya mnada Karatu hapapitiki, na Germana alikuwa anatembea macho yamezama kwenye kitabu cha hesabu. Akamgonga mtu kifuani. Kuinua uso, akakuta kijana mrefu, shuka jekundu juu ya jaketi la jinzi, chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe mkononi.

"Dada, kitabu ndicho kinakuonyesha njia?"

"Kinanipoteza, kaka. Eti lita mbili za dawa ya asilimia thelathini, niongeze maji lita ngapi ishuke mpaka kumi?"

"Nne," akasema Parmuat, aliyesomea mifugo na kuuza dawa zake dukani. "Dawa haizidi, mrembo. Yanayozidi ni maji tu."

Wakapeana namba, basi simu za jioni zikawa ada. Germana, binti wa wakulima wa ngano wa Mbulumbulu, alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa kuombea chuo. Parmuat akamfundisha michanganyiko, na mapenzi yakaingia humo humo kwenye asilimia.

Jioni moja Germana akaamua kumchokoza. "Haya mpenzi, swali langu. Mama yako ana lita ishirini za maziwa ya kuuza. Aongeze maji kiasi gani, maziwa yabaki asilimia themanini?"

Sauti ya Parmuat ikabadilika.

"Mama yangu haongezi maji, Germana."

"Ni hesabu tu, jamani!"

"Kwenu labda. Kwetu umemwita mwizi." Simu ikakatika.

Germana alipiga, haikupokelewa. Alituma ujumbe, ukasomwa bila jibu. Mtihani ulikuwa Jumamosi, lakini kila akifungua kitabu machozi yanamtangulia. Alimpenda mno yule kijana, na ulimi wake mwenyewe ndio uliomponza.

Mnada uliofuata alivaa gauni lake la kitenge cha njano, akaenda moja kwa moja walipokaa akina mama wauza maziwa kutoka Endulen, kwao Parmuat. Mama Parmuat alikuwa nyuma ya vibuyu vyake, shanga tele shingoni. Mwanawe alisimama kando, amenuna.

"Takwenya, yeyo," Germana akamsalimu mama huyo, kwa Kimaasai alichofundishwa na Parmuat kwenye simu, ambamo yeyo ni mama.

"Iko," mama akaitikia kwa mshangao.

"Yeyo, nilitunga swali, nikasema unatia maji kwenye maziwa. Nimekuja kuomba radhi."

Mama akamtazama weee, kisha akamgeukia mwanawe. "Kumbe ndilo hili lililokunyima kula? Maji mimi natia kwenye chai!" Akacheka mpaka shanga zikalia, akamnyooshea binti kibuyu. "Onja. Asilimia ngapi?"

Maziwa yalikuwa mazito, yananukia moshi wa kuni zilizofukizia kibuyu. "Mia, yeyo."

Parmuat akashindwa kuendelea kununa.

Jumamosi, Germana alipotoka tu kwenye chumba cha mtihani, simu ikaita.

"Swali letu la michanganyiko lilitoka, kipenzi?"

"Lilitoka. Tena la maziwa na maji! Nimelijibu, lakini moyoni nilimwomba yeyo radhi kwanza."

Parmuat akacheka, kisha sauti ikashuka. "Yeyo naye ana swali. Wazee walete ng'ombe wa mahari Mbulumbulu lini?"

Germana, aliyekokotoa asubuhi nzima, hili hakulipigia hesabu hata kidogo.

"Wameshachelewa," akasema.