Albamu ya Tatu ya Philemon

Basi la Malindi lilikuwa limeingia Garsen, na stendi ilifurika watu. Abiria wa Lamu walikuwa wakingoja askari wa kusindikiza msafara wa mabasi, na ng'ombe wa mnada walipita katikati yao kana kwamba nao wana tiketi. Kwenye kibanda chake cha kanda, Hiribae aliongeza sauti ya spika. Tarumbeta ikapasua kelele zote.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akivuka barabara akasimama ghafla. Licha ya joto lile, alivaa gauni jeusi la mikono mirefu, na kwapani alikumbatia jora la kitambaa. Mwenye mkokoteni alimpigia makelele apishe njia, hakusikia.

"Zima," alisema alipofika kibandani.

Hiribae akacheka. "Nawe habari yako, dada. Wenzako huja kuniomba niongeze, wewe wataka nizime?"

"Nimesema zima!"

Akazima. Mwanamke akaikodolea macho spika. Kisha akasema polepole, "Haya, washa. Anzia mwanzo."

Hiribae alipenda bendi ile ya Nyota za Delta kuliko zote, na alipenda zaidi kuisimulia kwa mwanamke mzuri. "Hii ni albamu yao ya pili," alisema. "Ya kwanza ilitoka mwaka wa themanini na tisa, ikiwa santuri. Kampuni ikaitoa tena kwa kanda, ikabadilisha hata picha ya jalada. Hii ikaja tisini na mbili, na gitaa la roki ndani yake. Wapenzi wa jazi walinuna, we!"

"Na ya tatu?"

Hiribae akashangaa. "Wajua kuna ya tatu? Walirekodi, lakini kampuni imeifungia Nairobi. Wanasema roki haina wanunuzi."

"Anayepuliza tarumbeta wamjua?"

"Jina tu. Philemon, kijana wa kijiji cha Ngao."

"Mimi ni Susan," alisema mwanamke, akiliweka sawa jora lake. "Wa Ngao pia." Akaondoka bila kununua kitu.

Akarudi siku ya soko iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Alikuwa fundi cherehani, na kila alipokuja kununua nyuzi Garsen alipita kibandani kunywa soda.

"Shati lako limekosa kifungo," alimwambia siku moja. "Lete nikushonee, usije ukafukuza wateja."

"Mteja ninayemtaka hafukuziki."

"Usinichekeshe, Hiribae. Nimesahau kucheka."

Lakini alicheka, na Hiribae, mtu wa Wenje aliyezoea kulala mapema, akaanza kukosa usingizi.

Alipomwambia kwamba anampenda, Susan aliizungusha chupa ya soda mkononi hadi ikapoteza baridi. Ndipo akasema. Philemon alikuwa mchumba wake. Alijifunza tarumbeta katika bendi ya kanisa pale Ngao, akaenda Nairobi, akarudi kumposa. Mafuriko ya Elinino yalipokuja alikuwa nyumbani. Alivuka mto Tana kwa mtumbwi kwenda kumchukua shangazi yake aliyezingirwa na maji. Mtumbwi ulionekana baadaye, mtupu, umenasa kwenye matawi. Philemon hakuonekana tena.

"Hatukuzika," Susan alisema. "Wasiozikwa hawaendi mbali. Nikiwa nashona nasikia kiti nyuma yangu kinalia kana kwamba mtu ameketi. Sigeuki. Naogopa nikigeuka kiti kitakuwa kitupu."

Hiribae alimshika mkono. "Basi nitakaa nawe, hata tukiwa watatu."

Tangu siku hiyo, kila alipoicheza kanda ile peke yake kibandani, Hiribae alihisi mtu amesimama upande wa pili wa meza, akingoja kuhudumiwa. Hata hivyo hakuacha kuicheza.

Mwaka wa tisini na tisa, mzigo wa kanda mpya ulipofika kutoka Nairobi, Hiribae alikata kamba akasoma jalada la kwanza. Kampuni ilikuwa imebadilisha mawazo. Nyota za Delta, albamu ya tatu. Kwenye jalada: 1999. Hapakuandikwa popote kwamba mpuliza tarumbeta ni marehemu.

Akaifunika kwa gazeti na kuisukuma chini ya meza. Nitamwambia Jumapili, alijisemea. Jumapili ikapita.

Susan aliisikia kwenye redio ya duka la Nabil, alipokuwa akichagua vifungo. "Albamu mpya kabisa!" mtangazaji alisema, na tarumbeta ikafuata. Alikimbia hadi kibandani, leso imemwanguka shingoni.

"Unayo?"

Hiribae hakuweza kusema uongo. Akaitoa.

"Tangu lini?"

"Wiki iliyopita. Susan, nisikilize..."

"Yu hai!" Susan alipiga kelele, watu wakageuka. "Yu hai huko Nairobi anarekodi, nawe ulijua ukanificha! Ulitaka niendelee kuvaa nyeusi ili unipate wewe?"

"Ni ile ya zamani niliyokuambia imefungiwa, mpenzi. Kampuni iliiweka tu, sasa imeitoa."

"Usiniite mpenzi. Wafu hawatoi albamu, Hiribae."

"Twende wote basi, tukaulize."

"Ukinifuata nitashuka njiani."

Akapanda basi la Nairobi lililokuwa likiondoka, na gauni lile lile jeusi, bila hata mfuko wa nguo. Hiribae alisimama vumbini mpaka akaona aibu kusimama. Hakucheza muziki tena. Wateja walidhani spika imeharibika.

Nabil ndiye aliyekuja kumwita, siku chache baadaye. "Una simu dukani kwangu. Mwanamke. Analia, au laini ni mbovu."

Hiribae aliushika mkonga wa simu kwa mikono miwili. "Susan?"

"Niko kwa kampuni. Fundi mitambo mmoja amenionea huruma, amenichezea kanda ya mwanzo kabisa, kabla hawajaikata." Pumzi yake ilisikika ikipanda na kushuka. "Kabla wimbo haujaanza, Philemon anaongea. Anawaambia wenzake, 'Fanyeni haraka bwana, nawahi basi. Kesho naenda kuposa Ngao.' Halafu wanamcheka. Naye anacheka."

Hiribae akaubana mkonga sikioni.

"Siku ya posa alifika na midomo imevimba," Susan alisema. "Nilimuuliza, akasema ni vumbi la njiani. Kumbe alikuwa ametoka kurekodi hii. Amekufa, Hiribae. Sijawahi kulisema neno hilo."

"Pole, Susan. Pole sana."

"Mbona ulinificha?"

"Niliogopa utafurahi," Hiribae alisema. "Niliogopa utafurahi siku moja, halafu nikuone ukianguka. Nilikosea. Kanda ilikuwa yako kabla haijawa yangu."

"Nakuja kumzika," Susan alisema, na simu ikakatika.

Walimzika bila mwili. Mchungaji aliomba ukingoni mwa mto, bendi ya kanisa ikapiga, na mama yake Philemon akatupa majini shati la mwanawe. Shati lilizunguka pale pale kwa muda kana kwamba halitaki kuachana nao, kisha mkondo ukalichukua. Susan alilia kwa sauti kubwa, kilio alichodaiwa tangu mafuriko.

Miezi ikapita kabla Hiribae hajathubutu kumposa. Susan alikuwa amevaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe.

"Nakupenda," alisema. "Lakini baba yangu hayupo, na mama yake Philemon ndiye aliyenitunza tangu mafuriko. Ukaniombe kwake."

"Nikamwombe mama wa marehemu?"

"Ukiogopa, basi."

Alikwenda. Mama yake Philemon alikuwa akipepeta mchele barazani. Alimsikiliza Hiribae hadi mwisho, bila kusimamisha ungo.

"Susan ndiye aliyepaswa kunizalia wajukuu," alisema hatimaye. "Watoto wenu, wataniita nani?"

"Bibi," Hiribae alijibu. "Wakuite nani tena?"

Ungo ukasimama. Mama yule alimtazama sana, kama mtu anayetafuta sura nyingine ndani ya ile iliyo mbele yake, akaikosa, akakubali kuikosa.

"Mchukue," alisema. "Sitaki ng'ombe wala leso. Nataka jambo moja tu, mwanangu. Mto ukijaa, usivuke. Hata wakikuita. Hata nikikuita mimi."

"Sitavuka, mama."

Akamsogezea kigoda, akamwambia akae, wali ulikuwa karibu kuiva.