Aliyevaa Viatu vya Kefa

Dorcas alisikia viatu vya mumewe vikija, na mumewe alikuwa ndani amelala.

Alikuwa amechutama upenuni pa nyumba yao ya reli, pale Changamwe, akisonga sima ya mahindi ya manjano, yale mahindi ya wakati wa vita ambayo vita vyenyewe viliisha yakabaki. Jua lilikuwa linatua. Vile viatu alivijua vizuri. Vilikuwa viatu vya kanisani, vimepigiliwa vyuma kisiginoni, na chuma cha mguu wa kushoto kimelegea, kwa hiyo hatua moja ililia na ya pili ikalia vingine. Vilikuja juu ya kokoto kwa mwendo wa mtu aliyechoka anayerudi kwake.

"Umerudi, bwana?" akasema kwa mazoea, bila kuinua macho. "Maji ya kuoga yako tayari."

Viatu vikasimama nyuma yake.

"Wasema na nani?" Kefa akauliza kutoka ndani, kwa sauti nzito ya usingizi.

Dorcas akageuka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, ya udi na ya maji yaliyokaa sana juu ya jiwe, na ubaridi uliompitia miguuni ukaondoka.

"Na upepo," akajibu. Mtu akiogopa husema lolote linalomjia mdomoni.

Hiyo ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, na mchana wake wote walikuwa matembezini. Reli iliwapa watu wa genge la kutengeneza njia mapumziko mpaka Jumatatu hiyo, na Kefa, ambaye kwao ni Rabai na ambaye kwa miaka yote ya kukaa Changamwe alikuwa hajaujua Mji wa Kale ila kwa kuupita na mzigo, alisema safari hii atakwenda kuutazama kama watu wanavyotazama. Jirani yao, Bi Mwanarehema, mwanamke mtu mzima wa ukoo wa zamani hapo Changamwe, akajitolea kuwaongoza. Alikuwa na ndugu kila kichochoro, na kila msikiti aliujua ulijengwa na nani na nani aligombana na nani wakati wa kuujenga.

Walipanda gari moshi asubuhi. Waliiona Ngome, ambayo siku hizo ilikuwa jela, kwa hiyo waliitazama kwa mbali na kwa adabu. Walipita misikiti hadi Dorcas akapoteza hesabu: wenye mnara mnene chini na mwembamba juu, wenye milango ya nakshi, mingine midogo iliyobanwa kati ya nyumba hata huitambui mpaka uone viatu mlangoni. Walikula haluwa. Kefa alivaa suti yake ya kaki na vile viatu vyake, na alikuwa akitembea kwa kujisikia, Dorcas akimcheka kwa ndani na kumpenda kwa ndani vilevile.

Msikiti wa mwisho ulikuwa kwenye uchochoro unaoteremka baharini. Sala ya alasiri ilikuwa imekwisha.

"Vua viatu, osha miguu, uchungulie," Bi Mwanarehema alimwambia Kefa. "Huku nje nasi twakungoja. Hakuna neno."

Kefa hakukaa sana. Alipotoka alikuta mlangoni hamna viatu vyake. Palikuwa na makubadhi tu, mapya, ya ngozi nyekundu iliyoshonwa vizuri, yamepangwa sawasawa pale pale alipoweka viatu vyake yeye. Wanawake walikuwa wameupa mlango mgongo kidogo tu, wakimsemesha muuza kahawa, na hawakuona mtu kupita.

"Mle ndani kulikuwa na mtu mmoja," Kefa alisema. "Alikuwa kwenye birika la kutawadhia, amenipa mgongo, anajimwagia maji miguuni. Nilimwamkia, hakuitika. Alimwaga tu, akamwaga."

"Basi ndiye huyo," Bi Mwanarehema alisema. "Ameghafilika, akavaa vyako. Nawe vaa vyake, utakuya siku nyingine mbadilishane. Hapa mjini ni kawaida, wallahi. Hata marehemu mume wangu alirudi na viatu vya watu mara ngapi!"

Na ni kweli ilikuwa kawaida. Mtu mwingine angekwenda peku. Lakini Kefa alikuwa na suti, na suti bila viatu ni kichekesho, akaingiza miguu yake kwenye makubadhi yale kwa hiari yake. Yalimtosha barabara.

Kesho yake alichelewa kuamka, akafika kazini peku, kama wenzake wote wa genge. Nyapara wao, Nguma, akamshangaa.

"Mbona umevua viatu? Asubuhi nzima umenifanyia kazi na viatu vya kanisani, nikasema leo huyu ana maringo."

"Asubuhi ipi? Ndiyo kwanza nafika."

Nguma alicheka, watu wakacheka, na Kefa alipomsimulia Dorcas jioni naye alicheka, ila kicheko kilimwisha upesi. Alikuwa amekaa mkekani amevaa yale makubadhi. Alisema miguu yake haijapata kupumzika namna ile.

Siku zilizofuata majirani walimwona Kefa kila mahali. Walimwona sokoni, walimwona stesheni, mmoja alisema amemsaidia kubeba gunia na hata shukrani hakungoja. Viatu vilikuja jioni mpaka mlangoni, na kila jioni vilikaa zaidi. Asubuhi Dorcas alifagia mchanga wa uani kama kawaida, Kefa akakatiza na makubadhi yake kwenda msalani, akarudi, na mchanga ukabaki vile vile ulivyofagiwa, bila alama hata moja. Kuzunguka nyumba, chini ya dirisha walipolala, ndiko kulikuwa na alama: za kisigino chenye chuma, nyingi, za mtu aliyesimama hapo muda mrefu akibadili mguu.

Dorcas alizifuta kwa ufagio. Hakumwambia mumewe. Alimwambia tu ayaache yale makubadhi. Kefa akayavua, akayatupa kwenye shimo la taka. Jioni alikuwa ameyavaa yale yale, na alipoulizwa aliyatazama kwa mshangao wa kweli.

Jumamosi Nguma alipita kuwasalimu. Kefa alikuwa amekaa mkekani, hapo hapo mlangoni, miguu ameinyoosha.

"Hodi. Shemeji, hujambo? Mwenyewe yuko?" Nguma akauliza.

Kefa aliinua mkono wa salamu. "Karibu, nyapara."

Nguma aliuruka mguu wake bila kuutazama, akachungulia ndani. "Hayuko, eh? Mwambie nimepita. Wiki hii amefanya kazi ya watu wawili, mumeo. Nataka nimpendekeze kwa wakubwa." Akaenda zake. Kefa akabaki ameinua mkono.

Uji ukapoa bila kuguswa.

"Dorcas," Kefa akanong'ona. "Wewe waniona?"

"Nakuona."

"Kweli?"

"Nakuona, bwana. Huyu hapa umekaa."

"Usiache kuniona," akasema, na mwanamume yule ambaye reli ilimwangukia mguuni asilie alianza kulia, nao machozi yake hayakulowesha kitu.

Dorcas alikimbia kwa Bi Mwanarehema, na Bi Mwanarehema, aliposikia, alikaa chini kwa kishindo na kushika kichwa, kwa maana neno la kuvaa lilitoka kinywani mwake. Wakaenda wote kwa Mwalimu Mwidani, mzee aliyesomesha watoto Kurani chuoni na kuwasomea watu wenye mashetani.

"Shikamoo, mwalimu," Dorcas alisema.

"Marahaba, mwanangu." Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema polepole, "Majini nao huingia misikitini. Wengi huswali na kwenda zao. Lakini si kila aingiaye huingia kuswali. Huyu alitaka mahali pa kukaa duniani, akaweka vyake vivaliwe, na mumeo akavivaa."

"Mfukuze, mwalimu."

"Hajampanda kichwani nikamfukuza. Ameshika nafasi yake. Ni viatu kwa viatu, pale pale, alasiri. Mumeo atavua makubadhi mlangoni na kuingia. Yule naye atakuwa mle, na vyake atakuwa amevua, maana hakuna aingiaye mle na viatu. Atakayetoka na viatu vya mumeo, mwache avivae, aje mpaka ulipo, avivue mbele yako na kuvitia mkononi mwako. Mume wako ataweza. Yule hataweza, maana nje ya mlango ule hana kingine cha kusimamia. Akishakupa, ndipo umwite kwa jina lake. Usimwite kabla, mwanangu. Utakayemwita akaitika, huyo ndiye mwenye jina."

Dorcas aliinamisha uso. "Mimi sijapata kumwita kwa jina," akasema.

Na hakika hakupata. Alikokulia, mke hamtaji mumewe jina. Humwita bwana, au humwita baba wa mtoto, nao walikuwa bado hawajajaliwa mtoto. Jina la Kefa alilisikia kwa watu tu.

Jumapili hawakwenda kanisani. Walipanda gari moshi, wanne, na mkata tiketi aliwatazama wanawake wale wawili na mzee wao, akamruka Kefa, na mama mmoja mwenye kapu akataka kumkalia. Dorcas alimshika mumewe mkono njia nzima. Mkono ulikuwa mwepesi.

Kule uchochoroni Kefa alivua makubadhi kizingitini, akamtazama mkewe, akaingia. Vile viatu vyeusi vya kanisani vilikuwa vimeshafika, vimekaa pembeni na vumbi la Changamwe. Watu wakaswali. Wakatoka, mmoja mmoja, kila mmoja akatafuta vyake, wakaamkiana na Mwalimu Mwidani na kuondoka, hata mlangoni pakabaki jozi mbili.

Kisha akatoka mtu, naye alikuwa Kefa, Kefa mwenye ndevu za wiki nzima na suti ya kaki iliyokunjika mgongoni, mwenye kovu la reli kwenye kidole gumba cha mguu, akainama akavuta viatu vyeusi na kuvivaa, na cha kushoto kikamshinda kama kilivyomshinda siku zote akakisukuma kwa kidole huku akiuma mdomo, akanyanyuka akatazama huku na huku kwa macho ya mtu aliyepotea, macho yakampitia Dorcas yasimtambue, akageuka akaanza kushuka kuelekea baharini, na Mwalimu Mwidani akamshika Dorcas mkono akasema ngoja, mwanangu, ngoja, na Dorcas akangoja, akaona mgongo ule anaoujua ukiteremka, ukifika kwenye kona, ukiwa karibu kupotea, na moyo ukamwambia kwamba akiuacha upite kona ile hatauona tena maisha yake yote, akapaza sauti.

"Kefa!"

Mgongo ukasimama.

"Naam, mke wangu," akaitika, akageuka, akitabasamu.

Akarudi akipandisha uchochoro, na vyuma vya kisigino vililia juu ya jiwe, kimoja hivi na kimoja vile. Bi Mwanarehema alijiziba mdomo kwa kanga. Mwalimu Mwidani aliuachilia mkono wa Dorcas, akaketi barazani.

Ndipo Dorcas akatazama mlangoni. Palikuwa na mwanamume mwingine amesimama kizingitini, peku, kando ya makubadhi mekundu, suti ya kaki imemkunjika vile vile. Alikuwa akisema kitu. Mdomo ulifunguka na kufumba, na haikutoka sauti. Alinyoosha mkono, ule ule ambao Dorcas alikuwa ameushika njia nzima. Dorcas alimwona waziwazi, akamwona kwa kufifia, kisha akauona mlango tu.

"Twende nyumbani," akasema aliyekuwa kando yake.

Alikwenda naye. Angekwenda wapi? Usiku ule ule Bi Mwanarehema alimlilia mwalimu, na mwalimu akasema yeye humtoa aliyeingia kwa hila. Huyu ameitwa kwa jina lake mchana kweupe na mke halali, akaitika, na hana dua ya hilo. Kanisani Dorcas angesema nini? Wazee wangemuuliza kwanza alifuata nini msikitini.

Na ubaya ni kwamba huyu wa nyumbani hakuwa na ubaya. Alifanya kazi, Nguma akampendekeza, akapandishwa. Hakulewa, hakumwinulia mkewe sauti. Alikula chakula kidogo mno na kusema kimekuwa kitamu. Usiku alilala chali, macho wazi, akinukia udi, na Dorcas alilala ukingoni mwa kitanda akiwa na hamu ya mtu wake hata akauma mto asisikike.

Siku moja Dorcas alisema anakwenda sokoni, akapanda gari moshi. Alifika kwenye uchochoro ule alasiri, akasimama upande wa pili, akajifunika kanga mpaka watu wote wakatoka na kwenda zao. Mlangoni pakabaki makubadhi mekundu. Muuza kahawa alimwambia yako pale tangu Jumapili ile baada ya Pasaka; hakuna anayeyagusa, na hakuna ajuaye ni kwa nini.

Dorcas akasogea karibu. Akanong'ona, taratibu kabisa, ili asikie yule mmoja tu.

"Kefa."

Makubadhi yalisogea. Moja, halafu la pili, yakaja mpaka ukingo wa kizingiti, yakakwama hapo, ngozi ikijikunja kama miguu inayosukuma kwa nguvu zote.

"Naam, mke wangu," ikajibu sauti nyuma yake, karibu sana na sikio. Mkono baridi ukamshika wake, kwa upole. "Nimekuja kukuchukua."