Mashavu ya Didas

Kuku wa Severina wa Kihesa walitaga vizuri, lakini nyumbani mwake hapakuwa na mtoto aliyepata kuonja yai. Wazee walisema mtoto akila mayai huchelewa kusema. Basi kila asubuhi Severina alipeleka kikapu cha mayai dukani kwa Othmani, akarudi na chumvi au mafuta ya taa.

Siku moja gari la sinema lilikuja. Kabla ya picha yenyewe, walionyesha tangazo la biskuti. Mtu mwembamba alikula biskuti, mashavu yakajaa. Akala nyingine, kifungo cha shati kikaruka, kikampiga askari puani! Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Severina alicheka kuliko wote, maskini.

Mwanawe Didas, aliyeachishwa ziwa karibuni, alikuwa amekonda. Severina akaanza kubadilisha mayai kwa biskuti. Alimlisha asubuhi na jioni, kwa chai ya rangi. Haukupita muda, mashavu yakajaa.

"Bwana Biskuti huyo!" majirani walitania.

Severina alifurahi. Lakini Didas mwenyewe hakucheka tena. Alishinda mlangoni amenuna, nywele zimegeuka nyekundu.

Ndipo alipopita Lea, jirani yao, mkunga wa zahanati.

"Kamwene, mama Didas. Mtoto ana nini?"

"Amenenepa, dada. Biskuti zimemkubali."

Lea alibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba. Shimo likabaki palepale.

"Huu si unene, mama. Ni maji. Mwili wake una njaa."

"Njaa? Na anakula kila siku! Mbona yule wa sinema..."

"Yule alilipwa akuchekeshe. Mtu akikuchekesha unampenda, na ukimpenda humwulizi maswali. Ulicheka, hukuuliza biskuti ina nini ndani. Chakula cha kumjenga mtoto ulikuwa nacho kikapuni, ukakipeleka dukani."

Severina alilia. Siku ileile walimpeleka Didas hospitali. Alipewa maziwa, baadaye mayai na uji wa karanga. Kwanza maji yalitoka, mashavu yakanywea, na mama akaiona mifupa iliyokuwa imejificha chini yake. Moyo ulimuuma sana. Kisha, polepole, nyama zikarudi.

Gari la sinema nalo likarudi. Kifungo kikaruka tena. Severina alicheka, maana kilichekesha kweli. Mgongoni kwake, Didas naye akacheka.

Kesho yake kikapu kilifika dukani kwa Othmani kikiwa kimepungua yai moja.